Kufundisha Jinsi Jeni Moja Inavyotoa Protini Zaidi ya Moja

Mwanafunzi wa darasa la saba ambaye nyumbani kwao kuna mgonjwa wa saratani aweza kumwuliza mwalimu: "Uvimbe hutokana na nini?" Mwalimu akikosa jibu, nafasi hiyo hujazwa na habari za laana na uchawi. Yatupasa basi kujiandaa.

Msingi wa Somo

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini, lakini aina za protini ni nyingi zaidi ya hizo. Mwaka 1977 Phillip Sharp na Richard Roberts walionyesha kwamba maagizo ya jeni yaweza kuwa yamegawanyika vipande vipande. Mwaka 1993 walipewa Tuzo ya Nobel. Chembe hai huinakili jeni, hukata sehemu zisizohitajiwa katika nakala, kisha huunga zilizobaki. Uungaji huo waweza kufanywa kwa namna mbalimbali.

Tuchukue jeni iitwayo BCL-X. Nakala yake ikiungwa kwa namna moja, hupatikana protini ndefu inayozuia chembe isife. Kipande kimoja kikiachwa, hupatikana protini fupi inayochochea chembe ife. Kufa kwa chembe si hasara daima: mtoto akiwa tumboni, chembe zilizo kati ya vidole hufa, ndipo vidole vikaachana. Lakini katika aina kadhaa za saratani protini ile ndefu huzidi, na chembe zilizostahili kufa huendelea kuishi.

Zana

Karatasi, mkasi na gundi.

Hatua za Somo

1. Mwalimu aandike ubaoni: CHEMBE I-KRT-SI-MBZ-FE. Wanafunzi wainakili katika ukanda wa karatasi. Maandishi ya ubaoni ndiyo jeni. Ukanda ndio nakala.

2. Kundi la kwanza likate KRT na MBZ, liunge vipande vilivyobaki, lisome: CHEMBE ISIFE.

3. Kundi la pili liondoe na SI pia, lisome: CHEMBE IFE.

4. Mwalimu aulize: "Je, maandishi ya ubaoni yamebadilika?" Wanafunzi wataona kwamba hayakubadilika, ingawa maagizo mawili yaliyopatikana yanapingana.

Tahadhari

Tusiwaache wanafunzi wakidhani kwamba uungaji wa nakala ndio chanzo pekee cha saratani. Mara nyingi jeni zenyewe pia huwa zimeharibika, kwa mfano kutokana na moshi wa tumbaku. Aidha, tuwaeleze wazi kwamba mtu hapati saratani kwa kumgusa mgonjwa wala kwa kula naye.

Upimaji

Kila mwanafunzi aeleze kwa maneno yake kazi ya BCL-X. Atakayeiita "jeni mbaya" arudishwe kwenye ukanda wake, kwani jeni hiyo hiyo humtumikia pia mtu mwenye afya.