Sifuri Iliyosimamisha Manowari

Darasani tunafundishwa kwamba kugawanya kwa sifuri hakuna jibu. Wengine hucheka, ati sifuri ni kitu gani? Hebu sikizeni.

Mnamo Septemba 1997, manowari ya Marekani iitwayo USS Yorktown ilikuwa baharini karibu na jimbo la Virginia. Ilikuwa imewekewa tarakilishi zilizounganishwa, ili mitambo iendeshwe na mabaharia wachache. Baharia mmoja akaingiza sifuri mahali pasipofaa. Programu ikajaribu kugawanya kwa sifuri, ikashindwa. Kwa kuwa tarakilishi zilikuwa kama shanga katika uzi mmoja, zote zikakwama na injini zikazima. Manowari ikaelea tu kwa zaidi ya saa mbili. Je, kama ingekuwa vitani?

Nionavyo mimi, lawama si ya baharia peke yake. Kwanza, programu ingepaswa kuikagua nambari kabla ya kuipokea. Pili, tarakilishi moja ikikwama, isizivute nyingine. Tatu, mabaharia wajue kuendesha injini bila tarakilishi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi wenzangu, tusiidharau sifuri!