Ukingo wa Mto Uko Wapi? Lugha na Mfumo wa Taarifa za Kijiografia katika Upangaji wa Maeneo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Mwezi wa Aprili na Mei 2024, maji ya mito ya Nairobi, Mathare na Ngong yalivunja kingo na kuingia katika makazi ya watu. Serikali iliamuru wote waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame, na majengo mengi katika vitongoji vya Mathare na Mukuru yakabomolewa. Makala haya yanachunguza swali lililo jepesi kulitamka ila zito kulijibu: je, mita hizo 30 huanza kuhesabiwa wapi?

Huenda msomaji akadhani kwamba jibu ni la wapima ardhi na kompyuta zao. Tunadai kwamba kompyuta hupima kile tu ambacho lugha imekwisha kukiainisha. Neno likiwa na maana mbili, ramani nayo itakuwa na mistari miwili, na kati ya mistari hiyo huishi watu.

Mfumo wa Taarifa za Kijiografia ni Nini?

Mfumo wa Taarifa za Kijiografia (kuanzia hapa MTK) ni mjumuiko wa vifaa, programu, data na wataalamu unaounganisha kila kitu na mahali kilipo. Chimbuko lake ni nchini Kanada katika miaka ya 1960, ambako Roger Tomlinson aliongoza ujenzi wa mfumo wa kuorodhesha matumizi ya ardhi.

Katika MTK, kila kitu huhifadhiwa kwa sura mbili: umbo lake kwenye ramani na sifa zake kwenye jedwali. Umbo huweza kuwa nukta, mstari au poligoni. Kisima ni nukta, kijito ni mstari, nacho kiwanja ni poligoni. Vitu vya aina moja hukusanywa katika tabaka moja. Mpangaji hupandanisha matabaka hayo, kwa mfano tabaka la mito juu ya tabaka la majengo, ili aone yanapokutana.

Hiki ndicho kiini cha ugawaji wa maeneo, yaani kuamua kwamba sehemu hii itakuwa ya makazi, ile ya viwanda, na nyingine isijengwe kabisa. Nchini Kenya, kazi hii huongozwa na sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Ili kutenga eneo la mto, mpangaji huiagiza kompyuta ichore ukanda wa umbali fulani kando ya mstari wa mto. Kazi hiyo huchukua muda mfupi mno, na wepesi huo ndio unaoficha tatizo.

Tatizo la Neno "Ukingo"

Tuchukue kanuni mbili zilizowahi kutungwa nchini. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 na zile za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 zilikubaliana kwamba ukanda wa mto ulingane na upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala usizidi mita 30 kila upande. Hata hivyo, zilitofautiana kuhusu mahali pa kuanzia. Za 2006 zilitaja kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Za 2007 zilitaja sehemu ya juu ya ukingo.

Tuseme mto una upana wa mita 12, na mafuriko makubwa yaliwahi kupita ukingo kwa mita 10. Kwa kipimo cha ukingo, mstari utakuwa mita 12 kutoka mtoni. Kwa kipimo cha mafuriko, utakuwa mita 22. Amri ya mita 30, ikihesabiwa kutoka ukingoni, itauweka mbali zaidi. Hapa pana mto mmoja na kompyuta moja, lakini mistari ni mitatu. Isitoshe, mto uliotupwa taka na kujazwa udongo hauna ukingo ambao watu wote watakubaliana kuuhusu. Mkazi aliyeyaona maji yakifika mlangoni ana ushahidi ambao setelaiti iliyopita siku ya kiangazi haina.

Aidha, data zenyewe zina mipaka. Picha ya kawaida ya setelaiti za Landsat imegawanyika katika miraba yenye upande wa mita 30. Mraba mmoja una eneo la mita 900 za mraba, hivyo ukanda mzima wa mto humezwa ndani yake, pamoja na nafasi ya vyumba zaidi ya 90 vya futi 10 kwa 10. Kipokezi cha mkononi cha GPS nacho huweza kukosea kwa mita kadhaa, hasa katikati ya majengo. Hali kadhalika, ramani za zamani za Kenya zilitumia msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali setelaiti hutumia WGS 84. Asiyebadilisha msingi mmoja kwenda mwingine atauona mto umehama kwa takriban mita 300.

Nyumba, Mlango na Ploti

Utata haukomei mtoni. Kwa mpangaji, ploti ni kiwanja chenye mipaka na nambari. Kwa mpangaji wa chumba jijini Nairobi, ploti ni ua wenye vyumba vingi vya kukodisha. Zingatia kwamba hata neno "mpangaji" lenyewe limetumika hapa kwa maana mbili: anayepanga mji na anayepanga chumba. Vivyo hivyo, picha ya angani huonyesha paa moja la mabati, na kompyuta ikahesabu nyumba moja. Chini ya paa hilo huenda pana milango kumi, na kila mlango ni kaya. Idadi ya vyoo na mabomba ikikadiriwa kwa mapaa, kaya tisa zitakuwa zimefutwa bila mtu yeyote kukusudia.

Wenyeji Wanapoingia Katika Ramani

Ipo mifano ya kutia moyo. Mwaka 2009, vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao kwa vipokezi vya GPS na kuweka taarifa hizo katika ramani huria ya OpenStreetMap, wakati ambapo ramani nyingi za umma hazikuonyesha vichochoro vyake. Mnamo Agosti 2017, Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani zilitangazwa kuwa eneo maalumu la upangaji. Takriban kaya 100,000 zilihusika, na wakazi walishirikishwa katika kukusanya taarifa na kujadili mipango. Upana wa barabara ulijadiliwa kwa kuzingatia idadi ya watu ambao wangelazimika kuhama.

Hitimisho

Mwanafunzi atakayekabidhiwa ramani ya upangaji na aulize maswali matatu. Kwanza, maneno yaliyo katika ufunguo wa ramani yana maana gani kisheria na kwa wakazi? Pili, data zilikusanywa lini, kwa kifaa gani, na zinaweza kukosea kwa kiasi gani? Tatu, ni nani anayeishi kati ya mstari mmoja na mwingine?

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kwa hivyo, si hisani kumweleza mkazi mpango wa mtaa wake kwa lugha hiyo. Tunapendekeza kwamba idara za Kiswahili na za upangaji miji katika vyuo vyetu zishirikiane kuandaa faharasa ya istilahi za ardhi, na faharasa hiyo ijaribiwe mitaani kabla ya kuchapishwa. Kazi hiyo ifanywe wakati wa kiangazi, kabla mito haijajaa tena.