Chai ya Kijani Haipikwi

Kwa Kiswahili chai tunaipika. Ndivyo tunavyosema na ndivyo tunavyofanya: maji, majani, sukari, siku nyingine na tangawizi, vyote sufuria moja juu ya jiko la mbabula mpaka vitokote. Kwa chai nyeusi ya Kivu au ya Kenya, hakuna ubaya. Tatizo ni kwamba watu wa hapa kwetu Luano wamekichukua kitenzi hicho hicho wakakihamishia kwenye chai ya kijani, jani lisiloweza kukivumilia, halafu wanakuja kwangu na uso umekunjamana. Nauza majani ya chai kwa mizani, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, na haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki.

Mama, nilinunua chai ya kijani juu walisema ni nzuri. Juu ya nini inakuwa chungu kama kwinini?

Kwa sababu umeipika, mwanangu. Jani la chai nyeusi na la kijani hutoka kwenye mmea mmoja. Tofauti huanza baada ya kuchuma. Chai nyeusi husagwa au kukunjwa, ikaachwa igeuke rangi kama parachichi lililokatwa na kusahauliwa mezani. Ya kijani huzuiwa isigeuke: Wachina huipitisha kwenye karai la moto, Wajapani huitia mvuke, kisha inakaushwa. Kwa hiyo vile vitu vikali vilivyomo kwenye jani bichi vimebaki karibu vyote.

Maji yanapokuwa ya moto sana, ukali huo hutoka haraka na kwa wingi. Utamu wa jani, ule unaokaa ulimini kama supu nyepesi ya mboga, hutoka hata kwenye maji ya vuguvugu. Ukitumia maji ya nyuzi 70 hadi 80, utamu unatangulia na ukali unabaki nyuma. Ukitokotesha kwa dakika kumi, vyote vinatoka pamoja na ukali unafunika kila kitu.

Kuna jambo jingine, na hili si la maji. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba kinachochoma koo ndicho kinachoponya. Majani haya hayakuja kama mizizi ya mganga. Uchungu si kipimo cha faida, ni uchungu tu.

Binti yangu, mimi sina kipimo cha joto. Nyuzi 75 nitazionaje kwenye mbabula ya makala?

Papa, huna haja ya kipimo, na hapa kwetu Mungu alishakusaidia kidogo. Uwanja wa ndege wa Luano uko takribani mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, maji huchemka mapema: karibu nyuzi moja hupungua kwa kila mita 300. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa kwetu yanachemka yakiwa karibu 96, na hata ukiongeza makala namna gani, hayapandi zaidi ya hapo katika sufuria ya kawaida. Kwa hiyo unatakiwa kushuka nyuzi 20 hivi.

Njia ninayoipenda ni ya kuchanganya. Chukua vikombe 3 vya maji yanayochemka na kikombe 1 cha maji yaliyochemshwa jana yakapoa. Hesabu yake inakupa nyuzi 77 hivi, na chombo chenyewe hula joto kidogo, basi unafika pale pale panapotakiwa. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikitubana na maji yaliyolala ndani yakawa kama ya mtoni, hesabu inashuka kwa nyuzi moja au mbili. Usihangaike nazo.

Njia ya pili ni kumimina. Toa maji kwenye birika, yatie kwenye kikombe kikavu cha baridi, kisha kikombe cha pili. Kila ukihamisha, maji hupoteza kama nyuzi 10. Vikombe viwili, umefika.

Njia ya tatu ni ya watu wanaokatikiwa umeme. Chemsha alfajiri, tia kwenye termosi kuukuu, ile ambayo haishiki joto vizuri. Baada ya saa tatu au nne maji yake hayafai tena kwa chai nyeusi, lakini kwa ya kijani ndiyo kwanza yanafaa. Nina termosi ya namna hiyo na siiuzi.

Katika vitabu utakuta njia ya kutazama viputo. Lu Yu, Mchina aliyeandika kitabu cha chai katika karne ya 8, alisema mchemko wa kwanza huonyesha viputo kama macho ya samaki. Maelezo mazuri sana, lakini ukiondoa maji motoni kabla hayajatokota unahitaji kuyaamini kwanza. Sisi wenye kipindupindu na tifoidi mjini tuchemshe maji sawasawa, halafu ndiyo tuyapoze.

Majani kiasi gani, na dakika ngapi?

Gramu 2 kwa kikombe cha kawaida. Majani marefu mepesi, kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Yale yaliyoviringwa kama punje za pilipili manga ni mazito, kijiko kisichojaa kinatosha. Yaache dakika mbili, onja, kisha chuja yote. Sisemi uchuje kikombe kimoja na mengine uyaache yakiogelea kwenye birika. Yatoe yote. Majani hayo hayo yatakupa kikombe cha pili, na mara nyingi cha tatu, kila mara ukiongeza nusu dakika. Wanaonilalamikia bei wamekuwa wakitupa majani baada ya kikombe kimoja.

Zile pakiti ndogo za kuchovya ndani yake mna vipande na vumbi. Vumbi hutoa kila kitu upesi, kwa hiyo dakika moja, na usizikamue kwa kijiko.

Yaya, pale uwanja wa ndege naona Wachina wanashuka na chupa za kioo, majani yanaelea ndani toka asubuhi mpaka jioni. Yao haichachi? Mbona wewe unasema tuchuje?

Swali zuri, nami nililiuliza kabla yako. Tazama chupa ile vizuri. Kwanza, majani ni machache mno, chembe za kufunika sakafu ya chupa. Pili, ni majani mazima, hayakusagwa, na jani zima hutoa taratibu. Tatu, na hapa ndipo penye ufundi, mwenyewe haimalizi. Anakunywa mpaka nusu au theluthi ibaki, kisha anaongeza maji mapya. Kile kilichobaki chini kinakuwa kama kianzio, na ukali unapunguzwa kila mara kabla haujajikusanya. Adhuhuri anakunywa karibu maji matupu yenye harufu, naye ameridhika.

Unaweza kufanya hivyo. Usichoweza ni kutia vijiko vitatu vya vumbi kwenye termosi saa kumi na mbili asubuhi, ukafunga kifuniko, ukategemea mchana utakuta chai. Utakuta rangi ya kuchovyea ngozi. Termosi iwekee maji peke yake.

Maji ya bomba au ya forage?

Onja maji yenyewe kwanza, bila chai. Yakinuka klorini, yaache kwenye ndoo usiku kucha juu yake ukiweka kitambaa tu, au yachemshe dakika chache bila mfuniko, harufu itaondoka. Ya forage, yaani ya kisima cha kuchimba, mara nyingine yana chokaa: birika lako likijenga ukoko mweupe ndani, hayo ni maji magumu, na chai yake huwa nzito, imefifia, na ngozi juu. Huyo jirani mwenye maji yasiyoacha ukoko, mwombe lita mbili. Tofauti utaiona kwa macho kabla ya kuonja.

Na funika sufuria wakati makala bado yanatoa moshi. Moshi ni kiungo cha samaki.

Naweza kutia sukari? Na maziwa?

Maziwa hapana. Hakuna sheria, ila yanashikana na ule ukali wa chai na kufuta harufu yake, na rangi inakuwa ya maji ya kufulia. Ukitaka chai ya maziwa, ninayo nyeusi nzuri, na bei yake ni ya chini.

Sukari ni hadithi nyingine. Wapo watakaokwambia ni dhambi. Nenda ukaketi na wafanyabiashara wa Mali au Senegali jioni, uwaone na birika dogo juu ya makala machache. Hiyo ni chai ya kijani ya Uchina, na wao wanaitokotesha kweli, wakatia sukari nyingi na nanaa, wakamimina kutoka juu mpaka itoe povu. Raundi tatu, na kila raundi laini kuliko iliyotangulia. Imechemshwa na ni tamu! Kwa hiyo kichwa cha maandishi haya kina watu wa kukipinga, nami nimekunywa kwao na sikuacha hata tone. Lakini tazama: wanakunywa kiglasi cha kuchezea, na ule uchungu wameutafuta makusudi ili upambane na sukari. Wewe unatia kikombe cha nusu lita ukitafuta wepesi. Hizo ni kazi mbili.

Kwa kikombe cha Kichina au Kijapani, onja kwanza bila sukari. Ukiona bado unaihitaji, maji yako yalikuwa ya moto.

Nikinunua sokoni, nitajuaje kama ni nzuri? Ya kwangu ilinuka ndagala.

Ilinuka ndagala kwa sababu ililala karibu na ndagala. Majani ya chai hunywa harufu ya kila kitu, na Wachina wanalitumia jambo hilo: chai ya yasmini hupatikana kwa kulaza majani pamoja na maua usiku kucha. Sokoni kwetu yanalala na sabuni, samaki na mafuta ya taa. Usinunue iliyo wazi. Jani liwe na rangi ya kijani, si kahawia, linukie kama nyasi zilizokauka vizuri au mahindi machanga, na likivunjwa likatike. Likipinda, limekula unyevu.

Nyumbani, litie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na jua na jiko. Msimu wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja, nunua kidogo kidogo. Chai nyeusi ya mwaka jana inanyweka. Ya kijani ikifika mwaka, imekuwa majani tu.

Si lazima itoke Asia, pia. Kenya inaitengeneza, Rwanda inaitengeneza, na Malawi, ambayo kutoka hapa unaifikia kwa barabara kupitia Zambia, inayo pia.

Mke wangu ana mimba na ana upungufu wa damu. Anywe?

Asinywe pamoja na chakula wala na vidonge vyake vya chuma. Chai, ya kijani na nyeusi, huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na sombe. Aiache saa nzima kabla au baada. Ina kafeini pia, kama miligramu 30 kwa kikombe, na madaktari wengi humwekea mjamzito mpaka wa miligramu 200 kwa siku, kahawa na soda zikihesabiwa humo. Kikombe kimoja mchana si tatizo, lakini amuulize anayempima. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye aulize.

Na kwa wanaoniuliza kuhusu malaria na kupunguza tumbo: malaria haiponyi, na tumbo, sijaona.

Na mwezi wa kumi, joto likitushika, nani atakunywa chai ya moto?

Hapo chai ya kijani inaishinda nyeusi kabisa. Gramu 10 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ndani ya chupa safi, usiku mzima kwenye friji. Kama umeme umekatika, weka chupa ndani ya mtungi wa maji, lakini iwe saa nne au tano tu, kisha chuja na unywe siku hiyo hiyo. Haina moto, haina ukali, hata mtu asiyejua kupima hawezi kuiharibu. Nikimpata mteja aliyeapa kwamba haipendi chai ya kijani, huwa nampa hii, bila sukari, na simwambii ni nini mpaka amalize.