Miti mitatu ya paa

Inua macho, utazame paa la nyumba ya matofali. Miti miwili imeinama, imekutana kileleni. Chini yake pana mti mwingine mrefu, umelala toka ukuta huu mpaka ukuta ule. Mti huu wa chini haubebi mabati. Pengine mtu mwenye haraka husema: «Huu hauna kazi, tuukate tufanye benchi.» Je, ni kweli?

Chukua vijiti vinne, uviunge kwa misumari midogo, msumari mmoja kila pembe. Sukuma pembe moja. Vijiti vinalala upande mara moja, kama kiti kichakavu. Sasa ondoa kijiti kimoja, uunge vile vitatu tu. Sukuma tena. Havisogei! Msumari mmoja hauwezi kuzuia vijiti visigeuke. Lakini umbo la pembe tatu haliwezi kulala, isipokuwa kijiti kimoja kikivunjika au kikipinda. Ndiyo sababu maseremala na wajenzi wa madaraja ya chuma hulipenda.

Katika umbo hilo kila kijiti ama kinavutwa, ama kinasukumwa. Ukitaka kujua, ondoa kijiti, funga kamba mahali pake. Kamba ikikazana, kijiti kile kilikuwa kinavutwa. Ikilegea na umbo likaanguka, kilikuwa kinasukumwa, maana kamba haiwezi kusukuma kitu.

Basi, rudi kwa paa. Mzigo wa kileleni unaisukuma miti miwili ya juu. Miguu yao inataka kuteleza nje na kuziangusha kuta. Nani anaizuia? Ni ule mti wa chini. Umeishika miguu ya wenzake, nao unavutwa huku na huku. Yule mwenye haraka angebomoa kuta zake mwenyewe.

Lakini unavutwa kwa nguvu gani? Fundi mwema habahatishi, anapiga hesabu. Paa lina upana wa meta 8, na kilele kiko meta 3 juu ya mti wa chini. Nusu ya upana ni meta 4, na kila mti wa juu una urefu wa meta 5. Kileleni pana mzigo wa kilo 60. (Paa la kweli hubeba zaidi, na miti yenyewe ina uzito; hesabu hii ni ya kujifunza.) Kila ukuta unachukua nusu, yaani kilo 30.

Tazama sasa kiungo kimoja tu, kile kilicho juu ya ukuta mmoja. Hapo nguvu tatu zinakutana. Ukuta unasukuma juu kwa kilo 30. Mti wa juu unasukuma chini na nje. Mti wa chini unavuta ndani. Kiungo hakiendi po pote, kwa hiyo nguvu hizo zinalingana. Ukizichora kwa mistari mitatu, zinafanya umbo lile lile la nusu ya paa. Meta 3 za kimo ni kilo 30. Basi kila meta ni kilo 10. Meta 5 ni kilo 50: ndiyo nguvu inayosukuma mti wa juu. Meta 4 ni kilo 40: ndiyo nguvu inayovuta mti wa chini.

Fundi akishusha kilele mpaka meta 1 ili apunguze mabati, meta hiyo moja ni kilo 30, na mti wa chini unavutwa kwa kilo 120. Mzigo ni ule ule, mvuto umekuwa mara tatu!

Mti unaovutwa waweza kuwa mwembamba. Unaosukumwa ni shauri jingine: bonyeza bua refu la mtama penye ncha zake mbili, utaona linavyopinda.

Jambo hilo liliwapata watu wa Kanada. Karibu na mji wa Quebec, juu ya mto Saint-Laurent, walikuwa wakijenga daraja kubwa la gari la moshi. Vyuma vyake vya juu, vinavyovutwa, viliungwa kwa pini. Nafasi ya katikati ilikuwa imerefushwa toka meta 488 mpaka meta 549, lakini uzito wa daraja haukuhesabiwa upya mapema. Mwezi wa Agosti 1907 vyuma vya chini, vinavyosukumwa, vilionekana vimepinda. Wengine walisema vilipinda kabla ya kufungwa pale. Wakabishana, na kazi ikaendelea. Tarehe 29 Agosti, jioni, watu wakiwa karibu kufunga kazi, upande wa kusini uliporomoka. Wafanyakazi 75 walikufa. Daraja jingine, lenye vyuma vinene zaidi, lilimalizika mwaka 1917, nalo lingali limesimama.

Zoezi. Paa lina upana wa meta 6 na kimo cha meta 4. Kileleni pana kilo 80. Mti wa chini unavutwa kwa kilo ngapi? Ni mti upi unaoweza kuondolewa na kamba ikawekwa mahali pake?