Dawa za Kuongeza Damu: Choo Cheusi Kisikutishe

Mama mjamzito anapohudhuria kliniki katika kituo cha afya cha umma hupewa, bila malipo, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo wengi wetu tunaviita dawa za kuongeza damu. Kidonge kimoja kina miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Humezwa kimoja kila siku hadi mama ajifungue.

Tatizo ni kwamba vingi huishia kabatini. Mama humeza siku nne tano, tumbo linachafuka, choo kinakuwa cheusi, anaogopa na kuacha bila kumwambia muuguzi. Akifika siku ya kujifungua akiwa na upungufu wa damu, hata kuvuja damu kidogo kunaweza kuhatarisha maisha yake.

Weusi huo ni chuma ambacho mwili haukukitumia, wala hauna madhara. Lakini choo kinachonata kama lami na kunuka vibaya, hasa ukiwa na maumivu ya tumbo au kizunguzungu, fika kituoni siku hiyo hiyo. Kichefuchefu hupungua ukimeza kidonge usiku baada ya kula. Choo kikiwa kigumu, kunywa maji zaidi na ule mboga na matunda. Ukisahau siku moja, usimeze viwili kesho yake.

Sasa tuje kwa chai, maana hapa ndipo wengi tunapoharibu. Chai na kahawa huzuia chuma kuingia mwilini, na maziwa pia. Meza kidonge kwa maji safi au maji ya machungwa, kisha usubiri saa mbili kabla ya chai. Dawa za kiungulia na vidonge vya kalsiamu navyo vitenganishwe kwa muda huo huo. Odowa inayouzwa sokoni ni afadhali kuiacha kabisa.

Katika kaunti za Pwani na za eneo la Ziwa Victoria, wajawazito hupewa pia dawa ya SP ya kuzuia malaria. Asidi ya foliki ya miligramu 5, inayopatikana kwenye maduka ya dawa, hupunguza nguvu ya SP. Kidonge cha kliniki hakina shida hiyo. Kwa hivyo usijinunulie kingine juu ya ulichopewa, na kila unachotumia, hata unga wa lishe au dawa ya mitishamba, kitaje kliniki.

Vidonge hivi viwekwe mahali pa juu palipofungwa. Mtoto huviona kama peremende, na chuma kingi kinaweza kumuua. Akivimeza, mkimbize hospitalini pamoja na pakiti yake hata kama anacheza vizuri, kwa sababu anaweza kutulia kwa saa kadhaa kabla ya kuzidiwa.