Kuhifadhi Lenzi ya Kamera

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa mambo mawili: ule ushukao asubuhi kutoka Karisimbi, na ule uotao juu ya mkate. Hapa Busasamana wa kwanza huuleta wa pili.

Mwaka jana kaka mmoja aliyesoma hapa alituazima kamera ya marehemu baba yake, tupige picha za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nilikabidhiwa mimi. Niliifunga katika mkoba wake wa ngozi, nikaitia sandukuni chini ya kitanda tangu Machi hadi Mei, mvua zikinyesha, nikidhani nimeitunza vema. Nilipoitoa, ndani ya lenzi mlikuwa na nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui. Nikafuta kwa kitambaa, wapi! Zilikuwa katikati ya vioo, mahali kidole kisipofika. Picha zote zilitoka kama zilizopigwa nyuma ya chandarua.

Koga ni kiumbe hai. Hutaka unyevu, giza, hewa iliyotulia, na chakula kidogo tu: vumbi, au mafuta ya vidole. Zeiss, watengenezaji wa lenzi wa Ujerumani, hutaja kiasi: unyevu wa hewa wa asilimia 70 kwa siku zaidi ya tatu, na joto la digrii 10 hadi 35. Sanduku langu lilitimiza yote, nayo ngozi ilinyonya maji ikayaweka. Tena koga hutoa asidi ilayo kioo, hivyo hata fundi akiisafisha, alama yaweza kubaki.

Basi, ipanguseni lenzi, iacheni ikauke, ndipo muitie katika kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na punje za silika zipatikanazo katika maboksi ya viatu vipya. Punje hizo hushiba maji. Zitoeni katika karatasi yake, mzikaushe katika bati juu ya moto mdogo (sufuria ya chakula iacheni). Mchele haufai: hunyonya kidogo, na unga wake ni chakula cha koga. Wala msianike lenzi juani bila kifuniko, maana hukusanya miale ikaunguza kilicho nyuma yake.

Kopo likae chini, si juu ya kabati. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba nyingi za Rubavu.

Kamera nimeirudisha pamoja na barua. Jibu bado sijapata.