Nani Atamwambia Mtoto?



Watu wazima wanapokuja kubariki ndoa yao, huwa nawauliza katika mafundisho: "Mambo ya unyumba uliambiwa na nani?" Akina mama wenye umri hujibu upesi kwamba ni nyanya. Vijana hutazamana kwanza, kisha mmoja hucheka na kusema, "Simu." Sijasikia bado mtu akijibu, "Baba na mama."

Si uzembe wa wazazi. Sisi Abagusii tuna ensoni. Mswahili husema soni, na neno ni lile lile, ila kwetu lina sheria nyingi ndani yake. Baba na mwana aliyetahiriwa hawataji mambo ya mwili wakiwa pamoja. Baba haingii ovyo nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Baba mkwe na mkaza mwana hawapeani mikono. Lakini ensoni iliacha mlango mmoja wazi, nao ni wa sokoro na magokoro, yaani babu na bibi. Hao walitaniana na wajukuu jioni karibu na moto, wakawaambia yale ambayo mzazi hangeweza kuyatamka. Kazi iligawanywa: mzazi alidai utii, bibi akaeleza.

Mengine mtoto aliyajifunza kwa kutumwa. Wamarekani wawili, Robert na Barbara LeVine, waliishi katika jamii yetu kati ya mwaka 1955 na 1957, na kitabu chao kuhusu Nyansongo kikatoka mwaka 1966. Waliyoyaandika wazee wetu wangeyatambua. Msichana mdogo alifanywa omoreri, mlezi wa mdogo wake. Mvulana alipewa mifugo. Hakuna aliyemwambia msichana yule kwamba anategemewa. Alijua mwenyewe, kwa kuwa mtoto alikuwa mgongoni mwake. Wala hakusifiwa usoni, maana sifa ziliogopwa kuwa zitaleta majivuno. Tusidharau malezi hayo. Yametupa watu wenye heshima na bidii. (Ingawa nadhani kumwambia mtoto "umefanya vizuri" mara moja kwa juma hakutamharibu.)

Kisha kulikuwa na majina. Mvulana kabla ya tohara ni omoisia, baada yake ni omomura. Msichana asiyekatwa aliitwa egesagane, akishakatwa akawa omoiseke. Jina lilibadilika kwa siku moja, na mtoto akajiona mtu mwingine. Basi msijiulize kwa nini binti analia akiitwa egesagane njiani kutoka shuleni. Anaambiwa kwamba yeye bado si mtu.

Hapa ndipo kimya chetu kinapotugharimu. Ukeketaji umekatazwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2011, hata ukifanywa kwa siri nyumbani na mtu aliyesomea uuguzi. Sheria hiyo hiyo inasema ni kosa hata kumtukana mwanamke kwa sababu hakukatwa. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa serikali wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Kigusii wa miaka 15 hadi 49, wapatao 84 walikuwa wamekatwa. Uchunguzi wa 2008 na 2009 ulikuwa umeonyesha 96. Tunapungua, lakini polepole.

Niwasimulie juu ya mume na mke wa upande wa Nyamira. Yeye bwana anafanya kazi Nairobi. Mke huchuma majani chai. Binti yao alikuwa na miaka tisa. Mke hakutaka akatwe, lakini alidhani mumewe anataka, basi akanyamaza. Mume naye hakutaka, akadhani hayo ni mambo ya wanawake. Bibi, kwa kuona wote wamenyamaza, akaanza kuandaa mtama wa Disemba. Watu watatu chini ya boma moja, na aliyezungumza na mtoto ni rafiki zake wa darasani!

Bahati nzuri binti mwenyewe aliuliza kwa simu: "Baba, nitakuwa omoiseke lini?" Bwana aliniambia kwamba jasho lilimtoka. Hakumjibu. Ila usiku ule alimpigia mkewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili ya ndoa wakalizungumza jambo hilo.

Kumbukeni Yesu alipobaki hekaluni akiwa na miaka kumi na miwili. Yosefu na Maria walimtafuta pamoja, na walipompata Maria alimwuliza kwanza sababu. Hakuanza na fimbo. Wala hawakuelewa yote aliyowajibu, lakini walirudi naye Nazareti, naye akawatii.

Basi fanyeni hivi. Kabla shule hazijafungwa, ketini wawili tu, kila mmoja aseme anachotaka bila kubahatisha moyo wa mwenzake. Mkikubaliana, nendeni pamoja kwa bibi. Mke asitumwe peke yake, maana ataonekana amemgeuza mume. Mwana ndiye azungumze na mama yake, kwa heshima. Wala msimnyang'anye bibi kazi yake. Mwombeni amfundishe mjukuu hedhi, usafi, kujiheshimu na kukataa mikono ya watu wabaya, kisha ambariki. Mama akiweza kuishinda ensoni, aketi hapo asikilize.

Bwana yule alirudi nyumbani Novemba, asingoje Krismasi. Mama yake alinyamaza kwa siku mbili. Siku ya tatu aliuliza: "Kama hakatwi, mtamwita nani?" Baba mtu akajibu, "Omoiseke, Mama. Wewe ndiye utakayeanza kumwita hivyo." Mtama ulikuwa tayari, wakaupika uji, wakawaita jirani.

Swali la kuzungumzia usiku wa leo: ni jambo gani katika nyumba yenu ambalo kila mmoja anadhani anajua mwenzake anataka nini, lakini hajawahi kumwuliza?